Kabla Hujanunua Dawa ya Bawasiri: Vidokezo 13 Kuhusu Saratani ya Utumbo Mpana Kwetu Afrika Mashariki

Tuanze na habari njema, maana haziko nyingi. Saratani ya utumbo mpana, ukijumlisha na ile ya puru ambayo ni kipande cha mwisho cha utumbo huo, ni ya tatu duniani kwa idadi ya wanaougua na ya pili kwa kuua. Mwaka 2022 iliwapata watu zaidi ya milioni 1.9 na kuua wapatao 900,000. Huku Afrika Mashariki bado haijatuandama hivyo. Hesabu ikisawazishwa kwa umri, ukanda wetu unapata wagonjwa wapya wasiofika 10 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati Australia na nchi nyingi za Ulaya zinapita 30.

Habari mbaya ni kwamba hao wachache wetu wanafika hospitali wakiwa wamechelewa mno. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 332 waliotibiwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Robo tatu hivi walifika ugonjwa umeshakomaa. Na huu si ugonjwa wa kuzuka usiku mmoja: kutoka kijinyama kidogo kisicho na madhara hadi saratani kamili, mara nyingi hupita miaka kama 10. Muda upo. Sehemu kubwa tunaupotezea kati ya choo cha nyumbani na duka la dawa la mtaani, na vidokezo hivi vingi vinahusu safari hiyo fupi. Kama unakula, maliza kwanza.

1. Damu usiipe jina wewe

Mtu akiona damu chooni, kwetu jina liko tayari: bawasiri. Duka la dawa lina mirija ya kupaka na vidonge vya kuingiza, jirani ana mzizi wake, na kwenye simu matangazo ya tiba ya bawasiri bila kisu hayana idadi. Kanda ya Ziwa wana majina mengine mawili, kichocho na amiba, na yote mawili yana haki ya kushukiwa, kwa sababu kweli yapo na kweli hutoa damu. Hapo ndipo ugumu ulipo. Watu wengi wanaotoka damu chooni hawana saratani, na anayesema ni bawasiri mara nyingi anapatia. Anapatia mara nyingi kiasi kwamba siku akikosea hakuna anayeshtuka.

Fanya hivi. Ukitibiwa bawasiri, amiba au kichocho na damu isikome ndani ya wiki mbili tatu, au ikome halafu irudi, usinunue dozi ya pili. Nenda ukachunguzwe. Wala rangi isikutulize. Wengi wanaamini damu mbichi, nyekundu, ni ya bawasiri na ile nyeusi ndiyo ya kuogopa. Uvimbe wa puru uko karibu kabisa na mlango, na damu yake hutoka mbichi vilevile. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kukutwa na moja hakuondoi nyingine.

Damu iliyochanganyika na choo, damu yenye kamasi, damu inayokuja na kukonda au na choo kubadilika tabia kwa zaidi ya mwezi: hizo hata dozi ya kwanza zisisubiri.

2. Kubali kidole

Hakuna kipimo rahisi kuliko hiki, na hakuna kinachokimbiwa kama hiki. Kati ya wale wagonjwa wa Bugando, zaidi ya nusu uvimbe wao ulikuwa kwenye puru au kwenye kipande cha utumbo kinachopakana nayo. Ndivyo mwelekeo ulivyo katika sehemu kubwa ya ukanda huu: uvimbe wa chini, upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba kwa wagonjwa si haba, kidole cha daktari chenye glavu na mafuta kinaweza kuugusa ugonjwa siku hiyo hiyo, bila umeme, bila rufaa, bila foleni ya mashine. Kinafika sentimita 7 au 8 hivi, na hizo sentimita kwetu zina uzito kuliko mahali pengine.

Wanaume ndio wagumu zaidi. "Mzee mzima kama mimi niingizwe kidole?" Ndiyo, mzee wangu. Unalala ubavu, unakunja magoti, unashusha pumzi, na shughuli imekwisha kabla hujamaliza kuona haya. Una ruhusa ya kuomba daktari wa jinsia yako. Una ruhusa ya kuomba muuguzi au mwenzi wako awepo chumbani.

Kinachonikera mimi si mgonjwa anayeona haya. Ni mtoa huduma anayeandika dawa ya bawasiri akiwa upande wa pili wa meza, mgonjwa hata kitandani hajapanda. Ikikutokea, uliza kwa adabu: "Daktari, hutanipima?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Kidole kisipokuta kitu, ujue kimekagua sehemu yake tu. Juu ya hapo kuna utumbo wa karibu mita moja na nusu ambao haujaangaliwa.

3. Ujana si cheti

Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alijitokeza hadharani mwaka 2019 akasema ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Alifariki Julai 26 mwaka huo huo, akiwa na miaka 41. Mwaka uliofuata, mwigizaji Chadwick Boseman alifariki Marekani kwa ugonjwa huo huo akiwa na miaka 43. Kule kifo chake kilishangaza, kwa sababu wagonjwa wengi wa huko wako kwenye miaka ya 60 na kuendelea. Huku kwetu umri wa namna hiyo ndio wodi yenyewe: Bugando, nusu ya wagonjwa walikuwa na miaka 46 au pungufu.

Sasa usikimbilie kusema saratani hii inawachagua vijana wa Kiafrika. Kuna mtego wa hesabu hapa, na hata watu waliosoma huuangukia. Sisi wenyewe ni vijana. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba karibu nusu ya watu hawajafika miaka 18. Nchi yenye wazee wachache itakuwa na wagonjwa wazee wachache, na ukipiga wastani wa umri wa wagonjwa lazima ushuke, hata kama hatari ya kila kijana mmoja mmoja ni ile ile au ni ndogo kuliko ya mwenzake wa Ulaya. Hatari inapanda na umri huku kama kule.

Ila kwa mtu aliyekaa kwenye benchi la zahanati, hesabu hiyo haibadilishi kitu. Daktari aliyejifunza kwenye vitabu vya nchi nyingine kwamba chini ya miaka 50 usifikirie saratani ya utumbo, akiitumia kanuni hiyo Mwanza au Kisumu, atawarudisha nyumbani nusu ya wagonjwa wake. Una miaka 34 na damu inaendelea kutoka? Sema umri wako kwa sauti, kisha omba uchunguzwe hivyo hivyo.

4. Sikiliza upande unaolalamika

Utumbo mpana unaanzia chini ya tumbo upande wa kulia, unapanda, unakatiza juu ya kitovu, unashuka kushoto, unaishia kwenye puru. Upande wa kulia njia ni pana na choo bado ni majimaji, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila kuziba kitu. Unavuja damu kidogo kidogo usiyoiona. Unachokiona wewe ni kuchoka, kuhema ukipanda ngazi, moyo kwenda mbio, viganja kupauka. Upande wa kushoto njia ni nyembamba na choo kimeshakauka: unafunga choo siku kadhaa, kisha unaharisha, kisha unafunga tena; choo kinatoka chembamba; tumbo linajaa gesi. Ukiwa kwenye puru kuna dalili moja ambayo watu huieleza vizuri sana kwa maneno yao wenyewe: haja haiishi. Umetoka chooni sasa hivi, unahisi bado, unarudi, unapata kamasi na tone la damu.

Nataka nikae kidogo kwenye upande wa kulia, maana ndiko tunakodanganyika kirahisi. Mwanamume mtu mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, juisi ya rozela na matembele peke yake hayatoshi. Safura itafutwe na itibiwe, bila shaka, bado iko pwani na kwingineko. Lakini damu ikipanda kwa vidonge na baada ya miezi michache ikashuka tena, mtu hana budi kuuliza inavujia wapi. Kuongezewa damu chupa mbili na kurudishwa nyumbani bila swali hilo ni nusu ya tiba.

5. Usisubiri iume

Uvimbe mchanga hauumi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikikamatwa ikiwa bado ndani ya utumbo, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishafika kwenye ini au mapafu, hubaki kama 1 au 2 kati ya 10.

Na tumbo likijaa likakaza, choo hakitoki, hata upepo hautoki, unatapika: hiyo ni dharura ya utumbo kuziba. Usinywe dawa ya kuharisha, usipigwe bomba nyumbani, usingoje kupambazuke.

6. Huna dalili? Kuna kipimo cha choo

Mwongozo wa Kenya wa uchunguzi wa saratani, wa mwaka 2018, unataka watu wa miaka 45 hadi 75 wachunguzwe saratani hii hata kama wako wazima. Kipimo chepesi cha kuanzia kinaitwa FIT. Unachukua choo kidogo kwa kijiti, kinapelekwa maabara kutafutwa damu isiyoonekana kwa macho. Kinatafuta damu ya binadamu tu, kwa hiyo nyama choma ya jana haikivurugi kama ilivyovuruga vipimo vya zamani. Hurudiwa kila mwaka. Kikisoma kuna damu, hujaambiwa una saratani. Umeambiwa uende kwenye kamera.

Mwenye dalili asijifiche nyuma ya kipimo hiki. Damu unaiona kwa macho yako mawili, kipimo cha kutafuta damu isiyoonekana kitakuongezea nini?

Nitasema na hili, wasiokubaliana nami wapo. Kwa nchi yenye wagonjwa wachache kwa kila watu 100,000 na kamera za kuhesabika, sioni sababu ya kuanza na kampeni ya kupima kila mzima. Kwanza wanaotoka damu sasa hivi wapate kamera ndani ya wiki, si ndani ya miezi. Foleni hiyo ikiisha, tuwaite wazima.

7. Kamera: kazi kubwa iko siku moja kabla

Kipimo chenyewe ni mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa kwa nyuma mpaka mwanzo wa utumbo mpana. Dakika 30 hivi, wengi hupewa dawa ya usingizi mwepesi, na daktari akikuta vijinyama anaweza kuviondoa hapo hapo. Uzuri wa kamera ni huo: inazuia saratani kabla haijazaliwa.

Lakini utumbo usiposafishwa vizuri daktari haoni kitu, na utarudia yote, pamoja na malipo. Siku tatu nne kabla, acha vyenye mbegu na maganda: mapera, nyanya, tikiti, karanga, ufuta. Siku moja kabla, ni vya majimaji na vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa ikabaki maji matupu. Rozela na bitiruti ziache kabisa, kwa sababu wekundu wake ndani ya utumbo hufanana na damu. Vidonge vya madini ya chuma visimamishwe kama wiki moja kabla, maana hufanya choo kuwa cheusi na kinachonata. Mwenye kisukari na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwambie daktari mapema, si asubuhi ya kipimo.

Dawa ya kusafisha tumbo ni nyingi na haina ladha ya kusimulia. Kunywa yote. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, na usiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo.

Ukiambiwa hospitali ina kamera fupi tu, inayoishia upande wa kushoto, usiidharau. Kwa jinsi uvimbe wetu unavyokaa chini, hata hiyo fupi inaona mengi. Halafu omba rufaa ya ile ndefu.

8. Kifuate kinyama chako

Daktari akiona uvimbe hukata kinyama kidogo kikachunguzwe na wataalamu wa patholojia. Bila majibu hayo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni saratani, wala ya aina gani. Nyingi zetu ni za aina ile ile ya kawaida inayoanzia kwenye utando wa ndani wa utumbo. Bugando zilikuwa karibu zote. Lakini uvimbe wa tundu lenyewe la haja kubwa mara nyingi ni saratani ya aina nyingine, yenye uhusiano na kirusi cha HPV na inayowapata zaidi wanaoishi na VVU, na tiba yake huanza na mionzi na kemo badala ya kisu. Ukiuchanganya na ule wa puru, utafanyiwa upasuaji ambao pengine hukuuhitaji.

Hapa pana shimo ambalo halizungumzwi sana. Hospitali nyingi za wilaya hazina maabara ya patholojia. Kinyama kinawekwa kwenye kichupa, na mara nyingine anayekabidhiwa kichupa ni shemeji anayepanda basi kesho. Basi hakikisheni mambo matatu. Kichupa kina dawa ya kuhifadhia, siyo maji. Jina, tarehe na mahali kilipokatwa vimeandikwa kwenye kichupa chenyewe, siyo kwenye karatasi peke yake. Na kuna namba ya simu ya kuulizia majibu. Baada ya wiki mbili, piga wewe, na uendelee kupiga.

Majibu yakitoka, chukua nakala. Piga picha kwa simu, mtumie na mwanao. Karatasi hiyo itaombwa kila mlango utakaobisha.

9. Akina mama, msijifute kwenye orodha

Bugando kulikuwa na wanaume 16 kwa kila wanawake 10. Lakini takwimu ya hospitali huhesabu waliofika hospitali, haihesabu walioishia nyumbani. Mama anayetoka damu huambiwa ni bawasiri ya uzazi wa mwisho, hata kama kitinda mimba ameshaanza darasa la pili.

10. Dona ndiyo, muujiza hapana

Mganga wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda mwaka 1946. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto iliyopewa jina lake, lakini kuna jambo jingine lililomsumbua akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala: mbona saratani ya utumbo, ambayo kwao ilikuwa ya kila siku, hapa alikuwa haioni? Jibu alilolitoa miaka ya baadaye lilikuwa nyuzinyuzi. Watu wanaokula nafaka isiyokobolewa, kunde na mboga hupata choo kikubwa, laini, kinachopita haraka. Hakuwa mtu wa haya. Mihadhara yake ilikuwa na picha za vinyesi.

Baadhi ya aliyoyasema yamerekebishwa na utafiti uliofuata, lakini kiini kimebaki. Mwaka 2015 yalichapishwa majaribio ya watu 20 weusi wa Pittsburgh, Marekani, na 20 wa vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walioazimana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walikula nyuzinyuzi kwa wingi na mafuta kidogo. Wa KwaZulu-Natal wakapewa chakula cha kwa wenzao, nyuzinyuzi zikashuka hadi gramu 12 hivi kwa siku. Katika wiki mbili tu, utando wa utumbo wa Wamarekani ulitulia, na wa Waafrika ukaonyesha uvimbemoto na seli kuzaliana kwa kasi. Hakuna aliyepata saratani wala kupona kwa siku 14, usiniwekee maneno hayo mdomoni. Ila ni onyo kwa kila aliyehama kijijini akaacha dona kwa sembe, na maharage kwa chipsi kuku.

Na kuhama kumeanza kuonekana kwenye madaftari. Rejista ya saratani ya Kampala ilianza kuandika wagonjwa miaka ya 1950, ikiwa miongoni mwa kongwe zaidi barani, na humo saratani ya utumbo mpana imekuwa ikipanda. Sehemu ya ongezeko ni vipimo kuwa bora na watu kuishi zaidi. Yote, siamini.

Kuhusu nyama: Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama ya kusindika, soseji na wenzake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Gramu 50 za nyama ya kusindika kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya hatari ndogo bado ni ndogo, kwa hiyo nyama choma ya Jumamosi sikunyimi. Nyama choma ya kila jioni, na bia nne pembeni, na sigara, na kitambi, na kiti cha ofisi kutwa nzima, hilo ni jambo jingine. Kila kimoja kati ya hivyo kinahusishwa na hatari kubwa zaidi.

Halafu usigeuze mboga kuwa kinga. Wapo waliokula mchicha maisha yao yote wakaugua. Karibu wagonjwa wote wa Bugando hawakuandikiwa kihatarishi chochote kinachojulikana. Mwenye damu chooni asijitibu kwa papai.

11. Uliza ukoo, na uulize vizuri

Ukiwa na mzazi, kaka, dada au mtoto aliyepata saratani hii, hatari yako inakaribia maradufu. Ushauri wa kawaida ni kuanza kamera ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yako aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Kaka aligunduliwa na miaka 38? Wewe anza na 28.

Tatizo ni kwamba ukoo hausemi saratani. Unasema baba mdogo alifariki kwa tumbo, shangazi alirogwa tumbo likavimba, babu alikuwa na vidonda vya tumbo. Waulize wazee taratibu, msibani au harusini wakiwa wamekusanyika: alikuwa anatoka damu? Alikonda? Alipasuliwa? Alikuwa na umri gani, mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa la ngapi? Ulizia na akina mama waliopata saratani ya mji wa mimba mapema, kwa sababu kuna hali moja ya kurithi, inaitwa ya Lynch, inayoleta zote mbili ndani ya ukoo mmoja. Ni wachache wenye hali hiyo, kama 3 kati ya wagonjwa 100, lakini kwao faida ya kujua ni kubwa.

12. Usiulize tarehe ya kisu tu, uliza mpangilio

Saratani ya utumbo wa juu ya puru kwa kawaida huanza na upasuaji. Ya puru iliyokomaa, mara nyingi mionzi na kemo hutangulia ili uvimbe usinyae, kisha ndiyo upasuaji. Kabla ya yote unahitaji picha za CT za kifua na tumbo kuona kama umesambaa. Uliza hivi: "Naanza na nini, na kwa nini?" Daktari mzuri hujibu bila kukasirika.

Mionzi haipo kila mji. Tanzania iko Taasisi ya Saratani Ocean Road na Bugando. Kenya iko Hospitali ya Kenyatta na kwingine. Uganda iko Kampala. Rwanda iko Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe tangu 2019. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, ikawa balaa. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari piga simu uulize kama mashine inafanya kazi na foleni ikoje, na mpange malazi, maana mionzi ni ya kila siku kwa wiki kadhaa. Miti shamba kama huwezi kuiacha, angalau mwambie daktari unachokunywa. Mingine hugombana na kemo.

Ukiambiwa utawekewa mfuko wa kinyesi tumboni, uliza kwanza kama ni wa muda au wa kudumu. Wengi hukimbia hospitali kwa sababu ya mfuko huo, na wanarudi hali ikiwa mbaya zaidi. Omba uonane na mtu anayeuishi. Uliza mifuko inapatikana wapi na kwa bei gani, kabla ya upasuaji na siyo baada. Kwa Muislamu mwenye wasiwasi wa swala, muulize sheikh wako kuhusu hukumu ya mwenye udhuru. Mlango huo upo na ni wa zamani.

13. Ukipona, bado una miadi

Kamera hurudiwa mwaka mmoja baada ya upasuaji, kisha baada ya mitatu, kisha kila mitano ikiwa safi. Kati ya hapo kuna kipimo cha damu kiitwacho CEA kila baada ya miezi michache. Na kama ulipasuliwa usiku wa dharura, utumbo ukiwa umeziba, elewa kwamba hakuna aliyeona upande wa juu wa pale palipoziba. Kamera haikuwa na pa kupita. Upande huo unaweza kuwa na uvimbe wa pili. Omba kamera kamili ndani ya miezi mitatu hadi sita, mfuko ukiwepo au umeshaondolewa. Inapita hata kwenye mfuko.